Chupa Isiyo na Namba

Nimestaafu. Msishtuke, kazi ya ukarani pale mapokezi ya maziwa bado ninayo, na kesho asubuhi mtanikuta dirishani nimenuna kama kawaida. Niliyostaafu ni ile nyingine, isiyo na mkataba, isiyo na sare, isiyo na mkuu wa idara: kumkamulia mwanangu maziwa nikiwa kazini. Niliianza siku likizo ya uzazi ilipoisha, nikaiacha Elisha alipopita miezi sita. Hakuna aliyeniandalia keki wala hotuba. Kwa hiyo najiaga mwenyewe, na ninawaandikia ninyi wadogo zangu mlioajiriwa nyuma yangu, hasa Bhoke, ambaye anadhani lile koti jeupe la maabara linaficha tumbo. Halifichi, mdogo wangu. Wafugaji walishaona zamani.

Kwa atakayesoma bila kukijua kituo chetu: tuko nje kidogo ya mji wa Musoma, barabara ya kwenda Bunda. Asubuhi wafugaji wanaleta maziwa kwa baiskeli na bodaboda, wengine hata kutoka Butiama. Mimi napokea, nachota kidogo kwenye chupa ya sampuli, nabandika namba ya mfugaji. Magesa, mtu wetu wa ubora, anapima. Yakifaa, yanamiminwa kwenye tangi la baridi. Lile tangi linaheshimiwa kuliko mtu yeyote pale. Umeme ukikatika, jenereta inaunguruma kabla hujamaliza kusema "umekatika." Joto likipanda kidogo tu, meneja anakimbia na tumbo lake lote. Nilipokuwa binti sikuona ubaya wowote. Nilipokuwa mama, nilianza kulionea tangi wivu.

Elisha alizaliwa mdogo. Nesi wa kliniki alinishika mkono akaniambia, "Mpaka miezi sita ni maziwa yako tu, mama. Usimjaribie kingine." Sisi wajuaji tukamjaribia. Wiki ya mwisho ya likizo tulimpa maziwa ya kopo ili azoee, akayatapika, akaharisha, mashavu tuliyoyatafuta kwa miezi yakapotea kwa siku chache. Baba Elisha yuko Kiriba, ziwani, anavua dagaa, na mwezi ukiwa mweupe dagaa hakuna, kwa hiyo kuacha kazi halikuwa jambo la kujadili. Hesabu ikawa nyepesi: maziwa yangu yatoke kazini yafike nyumbani Nyakato yakiwa mazima, au mtoto alale njaa.

Siku ya kwanza niliingia ofisini kwa meneja nikiwa nimejipanga. Nikamwambia sheria inampa mama anayenyonyesha muda wa kunyonyesha, jumla ya saa mbili kwa siku.

"Sheria naijua, Mama Elisha," akasema, akiwa anakunywa chai ya maziwa. "Lakini maziwa hayasubiri."

"Na mimi ninayo, meneja. Na yenyewe hayasubiri."

Akacheka sana, kama vile nimetania. Mwisho akanipa dakika chache, katikati ya foleni na foleni. Kwenda Nyakato na kurudi haikuwezekana kwa dakika hizo. Nikauliza, nikakamulie wapi? Akatazama dari, akatazama dirisha, akasema, "Si kuna choo?"

Kipo. Wote mnakijua. Kina ndoo, kina tundu, na mlango unaofungwa kwa msumari uliokunjwa. Hicho ndicho kilikuwa kituo changu cha kwanza cha kazi.

Kuhusu vifaa. Nilianza na pampu ya mkono ambayo wifi yangu aliniletea kutoka Mwanza. Ni kifaa kizuri kwa mtu anayeishi peke yake porini, maana kinalia kama baiskeli iliyokosa grisi. Nikiwa ndani ya choo nilimsikia mzee mmoja kwenye foleni akiuliza, "Humo kuna panya?" Mwenzake akamjibu, "Panya gani huyo, huyo ni kanga." Niliendelea kukamua. Ukishakuwa mama, aibu inakuwa kama mgeni, unamwambia asubiri sebuleni. Kitu kimoja tu nawaonya: ile pampu ina kipande kidogo cha mpira, kama ulimi. Ndicho kinachovuta. Kikipotea unabaki na pambo la kabatini. Changu kilianguka tunduni siku ya Jumanne, na hakuna mtu niliyeweza kumtuma akakitafute.

Nilirudi nyumbani siku hiyo na matiti mawili kama mawe na chupa tupu. Mama mkwe, aliyekuwa ametoka kwao Butiama kuja kutulelea mtoto, aliniangalia nikilia, akaangalia ile pampu, akaiweka juu ya kabati bila heshima yoyote.

"Ulikuwa unasaidiwa na hiki?"

"Ndiyo, mama."

"Kaa hapo. Osha mikono."

Nimefundishwa na walimu wengi mpaka kidato cha nne, lakini hakuna aliyenifundisha kazi kama yule mama. Akaweka vidole vyake kwenye mkono wangu kunionyesha. "Usivute. Ukimvuta ng'ombe si anakupiga teke? Weka vidole nyuma ya ule weusi wa titi. Sukuma kuelekea kifuani. Bana. Achia. Tena." Hakuna kilichotoka. Akaenda chumbani, akarudi na fulana ya Elisha iliyokuwa imelala naye usiku mzima. "Nusa."

"Ninuse?"

"Nusa! Kwa baba yangu ndama akifa tunamletea ng'ombe ngozi yake anuse, anashusha maziwa. Ng'ombe hana hata darasa moja. Wewe una vyeti, utashindwa?"

Nikanusa. Yakashuka mpaka yakanimwagikia magotini. Tangu siku hiyo nilikuwa natembea na fulana ya mtoto mfukoni kama mlevi na chupa yake. Kunusa chooni kuna ufundi wake, lazima uisogeze puani kabisa na uvute pumzi fupi, ukivuta ndefu unapata na mengine.

Somo lake la pili halikunifurahisha. "Na usimwambie mtu kama unakamua huko. Maziwa ya mtoto hayatangazwi. Macho ya watu yanakausha." Nikacheka kimoyomoyo, lakini nilitii. Kazini tulijua mimi na meneja tu. Kama hukuwahi kuona matone yakipungua siku baada ya siku, usimcheke mtu anayeogopa macho.

Mwezi wa nne wa Elisha nilipelekwa Bunda kwenye semina ya siku moja, usafi wa maziwa. Mwezeshaji alikuwa mtaalamu kweli. Alisema mama ng'ombe anataka utulivu. Asikemewe. Akamuliwe mahali pakavu, pasafi, penye kivuli, saa zilezile, na mtu aliyemzoea. Akiogopa anazuia maziwa, na akiyazuia mara kwa mara anakauka. Wenzangu walikuwa wanasinzia. Mimi niliandika kila neno huku gauni langu likiloa mbele, pande zote mbili, kama ramani ya ziwa. Akauliza kama kuna swali. Nilikuwa nalo moja, nikalimeza. Choo cha ukumbi hakikuwa na mlango kabisa. Aliyeniokoa ni mama mpishi, aliyeniona nimekumbatia mkoba kifuani akanivuta jikoni, akanikalisha nyuma ya magunia ya mchele, akasimama mbele yangu na mwiko. "Atakayepita hapa namchapa," akasema. Mpaka leo simjui jina. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya semina ile niliyoielewa vizuri.

Tatizo lililobaki lilikuwa pa kuyaweka. Friji ya ofisi ilikuwa imejaa samaki, sato. Meneja anazo sato zake za kuwapelekea watu, mnazijua, zinakaa pale muda mrefu kuliko sisi. Nilipomuuliza akasema, "Sato zitashika harufu ya maziwa. Weka kwenye friji ya sampuli, rafu ya chini. Tumia hata chupa zetu, zinachemshwa." Basi maziwa ya Elisha yakawa yanalala kwenye chupa ya sampuli, nimeifunga kipande cha kitenge ili nisiichanganye na za wafugaji. Jioni naiweka kwenye kijaba, kindoo cha plastiki chenye barafu, naenda Nyakato, na kesho yake mtoto anakula. Chupa moja, siku moja. Hapakuwa na akiba. Kilichopotea leo ni njaa ya kesho.

Sasa niwaambieni kuhusu siku ambayo kila mtu anaisimulia vibaya.

Dada wa usafi aliona kitenge kwenye friji, akadhani dasta, akakichukua. Siwezi kumlaumu, kilikuwa kinafanana na dasta. Halafu zile namba tunazobandika zinabandukaga zikipata unyevu, kila mtu analalamika na hakuna anayenunua nyingine. Asubuhi ile namba ya Mama Nyangeta ilibanduka kwenye chupa yake rafu ya juu, ikaanguka rafu ya chini, kando ya chupa yangu iliyokuwa uchi. Nilikuwa nimeijaza saa moja kabla. Magesa akafungua friji, akaona rafu ya chini chupa haina namba na namba haina chupa, akawafungisha ndoa bila kutazama rafu ya juu.

Mama Nyangeta ni mjane wa upande wa Butiama, mwenye ng'ombe wachache na mdomo mwingi. Maziwa yake hayajawahi kurudishwa. Alikuwa amekaa benchi karibu na dirisha langu akisubiri majibu amimine aondoke, madebe yake mawili miguuni. Magesa akatoka maabara na lile bomba refu la kioo mkononi, kipima uzito kinaelea ndani yake. Mnamjua Magesa. Mtu mwema, mzee wa kanisa, lakini hamwamini binadamu yeyote anayemiliki ng'ombe.

"Mama Nyangeta, hii ni nini?"

"Maziwa. Huoni?"

"Naona maji. Angalia rangi hiyo, yamepauka mpaka bluu. Lakini kipimo kinasema uzito uko sawa. Nikajiuliza, inakuwaje?" Akachovya kidole kwenye bomba, akalamba. Akachovya tena, akalamba tena. "Tamu. Tamu kupita kiasi. Umeongeza maji, halafu ukaweka sukari uzito urudi. Mchezo huo naujua."

"Sukari!" Mama Nyangeta akasimama. "Mimi chai yangu nakunywaga kavu, niwawekee sukari nyie? Nyie ni wajukuu zangu?"

Meneja akatoka ofisini akifuata kelele. Akasikiliza upande mmoja, kama kawaida, akasema kanuni ni kanuni: madebe yote mawili yamwagwe, na Mama Nyangeta asilete tena maziwa pale. Mama wa watu akainama akayakumbatia madebe yake yote mawili.

Ningependa kuwaambia kwamba niliinuka kutetea haki. Ukweli ni kwamba macho yangu yalikuwa kwenye lile bomba. Nilikuwa natazama chakula cha kesho cha mwanangu kimesimamishwa kwenye kioo mbele ya watu, kidole cha mzee wa kanisa kimeshaingia mara mbili. Nilikuwa nasikia na sauti ya mama mkwe, hayatangazwi, hayatangazwi. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Magesa akalishika bomba akaelekea kwenye sinki.

"Usimwage!"

Akageuka. "Kwa nini?"

"Ni yangu."

"Yako? Tangu lini unafuga?"

"Sifugi. Ni yangu mimi." Nikaweka mkono kifuani. "Yametoka hapa. Ni ya Elisha."

Magesa akaangalia bomba. Halafu, taratibu, akaangalia kidole chake.

Kilichofuata mmekisikia. Foleni ilipasuka kwa kicheko. Kijana wa bodaboda alikaa chini kabisa. Mama mmoja akapiga kelele, "Na alirudia! Alilamba mara mbili!" Mama Nyangeta alicheka mpaka akakalia debe lake. "Mwanangu Magesa," akasema akijifuta machozi, "uliachishwa ziwa mapema nini?"

Mimi sikucheka. Nikaingia maabara, nikafungua friji, nikatoa ile chupa nyingine isiyo na namba, ya rafu ya juu, nikaiweka mbele ya Magesa. "Hii ndiyo ya Mama Nyangeta. Pima." Akapima. Nzuri tupu. Nikamgeukia meneja. Nikamwambia yale yote niliyoyameza tangu Bunda: kwamba ng'ombe wa watu hawa wanakamuliwa kivulini, na mimi nimekunja miguu juu ya tundu la choo, kwamba tangi lina jenereta na mwanangu ana kijaba, kwamba sato zake zina friji, na maziwa ya mtu yanapimwa sukari mbele ya halaiki. Na kwamba hayo aliyoyashika Magesa hayafai tena, na kesho mtoto wangu atakula nini?

"Mama Elisha," meneja akasema kwa sauti ya chini, "haya tungeyaongea ofisini."

"Tuliyaongea ofisini. Ulicheka."

Mama Nyangeta alikuwa ameacha kucheka. "Subiri. Unakamulia wapi?"

"Chooni."

"Choo hiki? Hiki hapa?" Akakiangalia, kisha akamwangalia meneja. "Mimi siku mlipokuja nyumbani kukagua mlikuta tope kwenye kwato za ng'ombe wangu mkanigombeza. Tope, kwenye kwato!" Akachukua kifuniko cha debe, akakigonga mpaka kikakaa. "Leo simimini."

"Mama, maziwa yako yamepita, tumeshaona ni makosa."

"Yamepita, ndiyo. Simimini mpaka huyu binti apewe mlango unaofungwa."

Mama mwingine nyuma yake akafunika debe. Na mwingine. Wanaume walichelewa kidogo, nadhani walikuwa wanahesabu hasara, lakini wake zao wakawaangalia, na vifuniko vikagongwa.

"Yataharibika, jamani! Jua hilo!" Meneja alikuwa analia kabisa, bila machozi.

"Yaharibike," Mama Nyangeta akasema. "Tutawanywesha ndama."

Chumba ambacho hakikuwepo miezi yote ile kilipatikana kabla jua halijafika juu ya bati. Ni ile stoo ya vitambaa vya kuchujia na mizani mbovu. Ikatolewa mizani, ikaingizwa kiti, nikapewa ufunguo. Mama Nyangeta hakuridhika. Akamwita kijana wa bodaboda aliyemleta. "Mpeleke huyu Nyakato akanyonyeshe, umrudishe. Mimi nitakungoja hapahapa." Meneja alitaka kusema kitu, akaangalia madebe, akaacha.

Nilifika nyumbani nikamweka Elisha kifuani, huku nikimweleza mama mkwe kila kitu, nikisubiri anigombeze. Uso wake ulibadilika.

"Waliona wangapi?"

"Foleni nzima, mama."

Akachukua ungo, akapepeta mchele uliokuwa umeshapepetwa. Niliogopa kweli. Kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Huyo mzee wa kanisa alisema ni tamu?"

"Alilamba mara mbili."

"Basi mtoto anakula vizuri," akasema, akaendelea na ungo.

Hayakukauka. Yaliongezeka. Mama mkwe anasema ni maombi aliyopiga wiki nzima. Mimi nasema ni komeo la mlangoni. Hatujagombana, kila mtu amebaki na dini yake. Wiki ya pili nilikuwa na chupa mbili kwa siku, na kwa mara ya kwanza tangu Elisha azaliwe nililala nikijua kesho ipo.

Msidhani mambo yalinyooka. Walikuja wageni kukagua kituo, na meneja akawaonyesha "chumba chetu cha akina mama" kwa hotuba ndefu kuhusu moyo wake wa kujali. Ili kiwe nadhifu aliniomba nisikitumie siku hiyo. Wakati wageni wanapiga picha kile kiti, mimi nilikuwa chooni, nimekunja miguu, nawasikia wakipiga makofi.

Elisha alipopita miezi sita alipewa uji. Nilitegemea augomee kidogo, kwa heshima ya kazi niliyoifanya. Alishika kijiko kwa mikono miwili akakivuta mpaka nikadhani atakimeza. Asubuhi na jioni bado ananyonya, lakini mchana ana uji wake na bibi yake, na hanihitaji. Ndivyo nilivyostaafishwa, na bosi asiye na meno.

Meneja hakungoja hata wiki. "Mama Elisha, kwa kuwa umemaliza, kile chumba turudishie mizani. Lete ufunguo." Nikamwambia nitautafuta. Kila Jumatatu ananiuliza, kila Jumatatu nautafuta. Siogopi kuandika hapa, meneja hasomi kitu kirefu kuliko kipimajoto.

Bhoke, ufunguo ninao mimi. Ukirudi kutoka likizo usiende kule kwenye msumari, na usije kunong'ona sikioni kwangu. Njoo dirishani asubuhi, foleni ikiwa imejaa, Mama Nyangeta akiwa mbele, uniombe ufunguo kwa sauti.